Wembe Mmoja, Damu Moja

Watu wa Itilima na wa upande wa Bariadi wanaokumbuka ngoma za miaka ile wanakumbuka kwamba nilishindwa. Manju fulani alikuwa na wachezaji thelathini na wanne, akabaki na tisa, mwisho akaenda kwa miguu yake mwenyewe kwa mpinzani wake kukubali kwamba amezidiwa. Ni kweli nilienda. Jinsi nilivyofikishwa pale hakuna aliyewahi kuisikia kinywani mwangu. Nilimwahidi mtu kwamba nitanyamaza maadamu yu hai. Sasa ametangulia, na mimi sitaki kuondoka na mzigo wa mtu mwingine.

Mimi darasa la nne sikulimaliza. Baba aliniondoa nikachunge, na sijalia kwa hilo. Nyumba yangu ya bati niliijenga kwa pamba yangu, ng'ombe nilinunua mmoja mmoja, na heshima niliyoipata niliipata kwa miguu: nilijua kucheza. Ngoma yetu ni bugobogobo, ngoma ya majembe. Wakati wa palizi mnalima kwa mdundo, shamba la mtu linakwisha kabla jua halijawa kali. Baada ya mavuno mnashindana. Makundi mawili yanapiga uwanja mmoja, kila moja upande wake, majembe yanarushwa juu, yanazunguka, yanadakwa nyuma ya mgongo, na watazamaji wanasimama wanapotaka. Wakihamia upande wa mwenzako, umeshindwa. Hakuna hakimu wala karatasi. Migongo ya watu ndiyo inakuambia.

Manju ndiye mwalimu wa haya yote. Anatunga nyimbo, anafundisha hatua, anaamua nani asimame mbele, anatafuta dawa ya kuvuta watu. Nimeona mengi, nasema bila kuficha: kundi huwa linafanana na manju wake. Manju mlevi, kundi lake linapigana. Manju anayewashika wasichana wa mstari wa mbele, kundi lake linavunja ndoa za watu. Mimi sikuwa hivyo, na nilijisifu. Wachezaji wangu walizikana, waliuguzana, waliolimiwa shamba kwanza walikuwa wagonjwa. Wazazi waliniletea watoto wao bila wasiwasi. Kama kuna aliyefundisha watu kuishi pamoja katika vijiji vile, nilikuwa mimi. Kwa hiyo kosa langu lilipita kirahisi. Nani angelitafuta kwangu?

Kila mwaka kabla ya mashindano manju huwachanja wachezaji wake. Chale ndogo kwenye viganja na kwenye vifundo vya miguu, kisha dawa, unga mweusi uliochanganywa na samli, inasuguliwa humo. Ni kinga dhidi ya dawa za upande wa pili. Manju aliyenifundisha mimi alichanja kwa kisu kidogo, na kila alipomaliza mtu mmoja alikipitisha motoni kabla ya kumgusa mwingine. Hakutueleza kwa nini, na sisi hatukumuuliza.

Nilipoanza kundi langu ulikuwa wakati wa uhaba. Duka la kijiji lilikuwa na rafu na muuzaji, basi. Sabuni hakuna, sukari hakuna, chumvi ukisikia imekuja unakimbia. Kisu cha mwalimu wangu alizikwa nacho. Mimi nilikuwa na wembe mmoja, nao nilikuwa nimeshaunyolea ndevu. Na wembe si kisu. Ukiuweka motoni unakufa makali. Nikachanja watu bila moto. Mama mmoja wa mstari wa mbele, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko huo wembe, akauliza mbele ya wote:

"Manju, mbona huupitishi motoni?"

Sasa mimi ni manju, nimevaa manyoya, watu wananitazama. Niseme sina wembe mwingine? Niseme duka limenishinda? Nikamjibu kwa heshima, kama mama yangu:

"Mayu, moto unatenganisha. Wembe mmoja, damu moja."

Wakapiga vigelegele. Jioni ile ile maneno hayo yalikuwa yameshakuwa wimbo. Mwaka uliofuata walikuwa wameuongezea wenyewe: anayekuja na wembe wake ana adui moyoni. Miaka ikapita, wale niliowachanja kwanza wakaleta wadogo zao, na hao wadogo walidhani ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za babu zetu. Uhaba wa duka ukawa mila ya watu.

Kisha ikaja ruksa. Biashara zikafunguliwa. Pamba, ambayo zamani ilinunuliwa na chama cha ushirika peke yake, ikaanza kugombewa na wanunuzi binafsi, kila mmoja na mizani yake na fulana zake. Walituita tucheze kwenye vituo vyao ili wakulima wavutike. Tulicheza mpaka Kimali, kule Meatu. Na kwenye gulio ulikuta kila kitu: redio, mitumba, sabuni za harufu, nyembe zimejazwa kwenye beseni kama dagaa. Mchezaji wangu mmoja, kwa wema tu, akaja siku ya kuchanja na nyembe mpya za kutosha watu wote. Kelele zilizopigwa! "Ana adui moyoni! Ana adui moyoni!" Alicheka, kisha akaona hawacheki naye. Akanitazama mimi. Ningesema neno moja tu siku hiyo, mambo yangekwisha. Nilinyamaza, kwa sababu wimbo ulikuwa wangu na ulikuwa ukiimbwa vizuri.

Mpiga ngoma wangu mkuu alikuwa rafiki yangu tangu kuchunga. Tulikuwa tukiitana nkoi, yaani mwenzangu, na hata watoto wetu walimjua kwa jina hilo. Kwa mila yetu nilijichanja mimi kwanza, kisha yeye, kisha wengine wote. Katika miaka hiyo ya ruksa alipata kazi ya kupakia marobota ya pamba kwenye malori ya mnunuzi mmoja, akawa anakaa Mwanza wiki mbili, tatu. Alirudi na viatu vizuri na hadithi. Baadaye alirudi na kikohozi. Suruali ikaanza kumpwaya. Akapiga ngoma vile vile, hakuna mkono kama ule, lakini tukimaliza alikaa chini kabla ya wazee.

Siku moja kwenye gulio vijana wawili waliotoka Dar kuuza nguo walimtazama akipita. Mmoja akamwambia mwenzake, "Yule mzee ana ngoma."

Mimi nikaingilia kwa fahari. "Anayo! Tangu akiwa mdogo anayo! Hakuna mwenye ngoma kama yake mkoa mzima."

Walicheka mpaka mmoja akashikilia meza. Nikacheka nao, nikidhani wamefurahi.

Aliyenifungua macho alikuwa nesi wa zahanati, mwanamke wa Mkula, mfupi, asiyejua kuzunguka kwa maneno. Nilikuwa nimempeleka mke wangu kwa ajili ya jino. Akanisalimia, "Mwangaluka, baba," nikaitikia, kisha akasema, "Nimesikia wiki ijayo mnachanja."

"Tunachanja."

"Watu wangapi?"

"Thelathini na wanne. Na binti yangu anaingia mwaka huu."

"Na nyembe ngapi?"

"Mmoja," nikasema, na nikataka kumwimbia.

Akaweka kalamu chini. "Baba, unajua vijana wa mjini wakisema mtu ana ngoma wanamaanisha nini?"

Akanieleza: ni ukimwi. Damu ya mtu mmoja inavyokaa kwenye makali, inavyoingia kwa mwingine, miaka mtu anayotembea nayo bila kujua. Nikamuuliza kuhusu rafiki yangu. Akakataa. "Mimi sisemi la mtu. Nasema la wembe."

Mke wangu, shavu limevimba, alikuwa amesikia yote. Tulipofika nyumbani akasema, "Kwanza wewe, wa pili yeye. Na mtoto wangu wa ngapi?"

Fikiria basi mahali nilipokuwa nimesimama. La miaka iliyopita sikuweza kulirudisha; la mwaka huu lilikuwa bado mkononi mwangu. Nikichanja kama kawaida, damu ya rafiki yangu naipaka mikononi mwa watu wote, pamoja na mtoto wangu. Nikileta nyembe nyingi, kila mtu atamtazama yeye, maana kukonda kwake wanakuona. Nitakuwa nimemsimamisha uwanjani nimemvua nguo. Nikimweka awe wa mwisho, ni yale yale. Nikisema mwaka huu hatuchanji, hawatacheza. Watasema nimewatoa mbele ya dawa za wengine bila kinga. Njia zote nilizozitazama nilikuwa nimezipanda miba mwenyewe. Wiki nzima nilizunguka zizi langu kama ng'ombe aliyefungwa kamba fupi.

Siku ikafika. Asubuhi, wamejaa uani kwangu, majembe yameegemezwa ukutani. Binti yangu alikuwa amejipaka mafuta, amevaa shanga za mama yake, hawezi kusimama mahali pamoja kwa furaha. Nikatoa nyembe nilizonunua, zikiwa kwenye makaratasi yake.

"Mwaka huu kila mtu na wake," nikasema. "Serikali imeagiza." Serikali haikuwa imeniagiza chochote. Nilitumia uongo mmoja kuutibu mwingine.

Kisha rafiki yangu akainuka kutoka kwenye ngoma yake, polepole, akaja mpaka mbele yangu. Alinuka dawa ya kikohozi.

"Nkoi. Tangu lini serikali inacheza bugobogobo?"

Wengine wakacheka. Yeye hakucheka.

"Wembe mmoja, damu moja. Nani alitufundisha? Au damu yangu mwaka huu imebadilika rangi?" Akanyoosha viganja. "Nichanje mimi. Kisha jichanje wewe kwa wembe huo huo, hapa, watu waone. Ukishindwa, sema unaniogopa."

Nilimtazama mikono. Mishipa ilikuwa imesimama kama kamba. Nikaona binti yangu nyuma yake ananingojea niseme neno kubwa, kama nilivyozoea. Ndipo nikasema ukweli, mara ya kwanza tangu niwe manju.

"Sikuogopi wewe. Niliwadanganya wote. Ule mwaka wa kwanza sikuwa na wembe mwingine. Dukani hakuna. Niliona aibu kusema. Wembe mmoja, damu moja si mila. Ni duka tupu."

Nilidhani ukweli ni kama mvua, ukinyesha watu wanafurahi. Yule mama wa mstari wa mbele, aliyeniuliza zamani kuhusu moto, sasa mvi zimeanza, akaweka mikono kiunoni.

"Na dawa nayo, manju? Nayo uliikosa dukani, ukatupaka masizi?"

Hapo walicheka kweli. Kicheko cha namna ile hakirudi nyuma. Mwingine akasema, "Kumbe miaka yote tumekuwa tukicheza na jivu la jiko lake!" Mwingine akauliza kama hata hatua za miguu nilizikuta kwenye kopo. Nikajaribu kueleza kuhusu ugonjwa, bila kumtaja mtu, na nilivyozidi kutomtaja ndivyo walivyozidi kumtazama. Rafiki yangu akajifunga ngoma yake begani. Alipofika kwenye lango la miba aligeuka.

"Bora ungenichinja," akasema.

Wakamfuata. Si siku hiyo wote, lakini ndani ya wiki walikuwa wamekwenda Zagayu, kwa yule manju ambaye tulikuwa tumeshindana naye miaka yote. Walikwenda na nyimbo zangu. Nikabaki na tisa, wengi wao ndugu wa mke wangu waliokosa jinsi ya kuondoka.

Sikulala vizuri lakini nilijipa moyo: binti yangu amepona. Nikamwambia atacheza na wale tisa. Akanitazama kama mtu anayetazama nguo iliyochanika.

"Baba, mimi nilikuwa nasubiri kucheza kwenye kundi. Hawa si kundi, hawa ni msiba."

Siku ya tatu akawa hayupo. Mama yake akaniambia bila kugeuka, akipepeta mahindi: "Amekwenda Zagayu. Watachanjwa Jumamosi. Mpiga ngoma wako ndiye wa kwanza kule, wamempa heshima. Wapya wanamfuata yeye."

"Kwa wembe gani?"

Akaacha kupepeta. "Unaniuliza mimi? Walikuacha kwa sababu ya wembe mmoja, wewe unadhani watakwenda kwa mtu mwenye nyembe nyingi?"

Ningeweza kumfuata na fimbo. Ningemrudisha yeye, na wale wengine? Mama mwenye ulimi, yule kijana wa nyembe za beseni, wote niliowafundisha kuamini? Nilikuwa nimewafunga kwa neno, nikasema ukweli, na ukweli wenyewe ukawasukuma kwenye makali. Kama ningebaki mwongo ningewaua mimi. Sasa atawaua mwingine kwa wimbo wangu.

Ijumaa nikaenda Zagayu kwa baiskeli. Manju kuingia mji wa manju mwingine kabla ya mashindano ni kitu kisichofanyika. Mbwa wake tu ndio waliodhani ni kawaida. Nilimkuta anashona kengele za miguu. Mtu mkubwa, mwenye majivuno kama mimi, pengine ndiyo maana tulichukiana.

"Umekuja kuiba dawa?" akasema. "Nimesikia yako ni jivu."

Nikakaa chini bila kukaribishwa, nikamweleza yote. La nesi, la duka, la damu. Rafiki yangu sikumtaja, lakini yeye hakuwa mjinga. Alisikiliza mpaka mwisho, kengele mkononi.

"Mimi pia," akasema polepole, "natumia mmoja. Kundi lako lilikuwa linavuma, nikasema labda siri ni hiyo. Niliiga wimbo wako."

Tukatazamana. Kisha akaanza kufikiri, na nilimwona akifikiri kama manju.

"Nikiwaambia ulivyowaambia wewe, wataondoka kwenda kwa mwingine. Wapo wengine, Bariadi kule, Meatu kule."

"Najua."

"Basi hawataambiwa la ugonjwa. Wataambiwa hivi: nimepata dawa mpya, kali, haikai kwenye wembe uliogusa mtu mwingine. Mtu akichanjwa kwa wembe wa mwenzake, dawa inakufa na jembe linamponyoka. Kila mtu aje na wake, na akimaliza auzike. Na dawa hiyo ndiyo iliyovunja kundi lako."

"Dawa haikuvunja kundi langu."

"Kesho itakuwa imelivunja. Na wewe utakuja kukaa mbele ya watu wote, useme kwamba nimekushinda. La sivyo nani ataamini?" Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Na usije ukasema vingine nikiwa hai."

Nimelima mawe katika maisha yangu. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama kusema ndiyo pale.

Jumamosi asubuhi walinikalisha kwenye kigoda kifupi, kile cha watoto, mbele ya watu ambao nusu yao niliwafundisha kupiga hatua. Manju wa Zagayu alitangaza dawa yake. Aliitangaza vizuri, nakiri. Walipiga vigelegele kuliko walivyowahi kunipigia mimi. Kisha nikasimama nikasema nimeshindwa, dawa yake imekula yangu. Yule mama wa mstari wa mbele akasema kwa sauti, "Leo ndiyo amesema kweli!" na uwanja ukavunjika kwa kicheko. Binti yangu alitazama chini. Alikuwa ameshika wembe mpya, bado uko kwenye karatasi yake.

Wakaanza na mpiga ngoma. Alitoa wembe wake mfukoni kwa madaha, kama mtu anayetoa barua ya mwaliko. Hakuna aliyemtazama kwa jicho la pembeni, maana kila mtu alikuwa na wake. Alichanjwa, akauzika, akaja kupita mbele ya kigoda changu, viganja vinameta samli. Alisimama.

"Umeona, nkoi? Huyu ndiye manju. Kila mtu na wake, na hakuna aliyeaibishwa. Ni kitu kidogo tu, lakini wewe akili hiyo hukuwa nayo."

Watu wote walikuwa wanatusikiliza. Nyuma yake binti yangu alikuwa anafungua karatasi.

"Kweli, nkoi," nikamwambia.

Alipiga ngoma misimu miwili zaidi. Sisi wawili hatukuzungumza tena. Nilimzika nikiwa nimesimama na watu wa nyuma, kwa sababu wale wa mbele walikuwa ni watu wa Zagayu.